Safu ya Ukoga

Nilikuwa na meno meupe, na kwa muda wa mwaka mzima niliamini kwamba nimeyafanya mwenyewe.

Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametoka hapo. Nikiwasimulia watu habari ya tabibu wa meno na alichonifanyia, huwa naanzia kwake, ili nionekane nimeonewa. Nilionewa kweli. Lakini ukurasa huu nimeuandika mara kumi na moja na kuuchana mara kumi, na kila nikianzia kwa tabibu, habari haikai sawa. Inakuwa safi mno.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, na uandishi nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari na vijitabu vilivyoachwa na watu wa miradi. Sina mwalimu wa kuniambia lini sentensi imetosha, basi huwa naendelea kuisugua mpaka inavuja damu. Mtanivumilia.

Tuliishi Majengo, Dodoma mjini, nyuma ya maduka ya nafaka. Baba alikuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma. Nilipofika miaka tisa shirika lilipunguza watu, na baba akawa miongoni mwao. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akavua viatu na kuvipanga pembeni ya kiti kama mtu aliyefika ugenini. Baada ya wiki chache ikaamuliwa niende kwa bibi, mama yake baba, katika kijiji kilicho mbele ya Haneti, mpaka mambo yatengemae. Mama alinifungashia sare mbili, mswaki wa plastiki wa kijani na dawa ya meno. Wakati huo dawa za meno zilikuwa zimeanza kujaa madukani, baada ya miaka ya kusugua kwa mkaa na chumvi.

"Mswaki usimwazime mtu," mama aliniambia. "Na ukirudi na meno yaliyooza nakukataa, siyo mwanangu."

Alikuwa anatania. Mimi sikuwa mtoto wa kutaniwa. Tangu siku hiyo nilipiga mswaki kwa hesabu: mara ishirini juu kulia, ishirini juu kushoto, hivyo hivyo chini, kisha mbele. Nikipoteza hesabu nilianza upya. Darasani nilipitisha ulimi juu ya meno, moja baada ya moja, kuhakikisha yote yapo na yanateleza.

Kwa bibi nilimkuta binti wa baba mkubwa. Alinizidi miezi minane tu, lakini ilikuwa lazima nimwite dada, na nilipojisahau alinikumbusha kwa kofi la mgongo. Tulilala kitanda kimoja ndani ya tembe, tulikula mlenda sahani moja, na kila alfajiri tulikwenda kisimani pamoja. Alikuwa na sauti ambayo sijui niielezeje. Akianza wimbo, watu waliokuwa wakizungumza waliacha bila kujua kwamba wameacha. Na meno yake yalikuwa ya rangi ya kahawia, kama kikombe cha chai ambacho hakijasuguliwa miaka. Mengine yalikuwa na vishimo vidogo vidogo.

"Mbona meno yako yameungua?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Ugali wa huku ni wa moto," alisema. "Subiri, na yako yataungua."

Alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma. Naomba msomaji aukumbuke mcheko huo.

Shuleni niliona kwamba si yeye tu. Karibu watoto wote wa rika letu walikuwa hivyo. Waliokuwa na meno meupe walikuwa watoto wa mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Iringa, na watoto wa mwenye duka, watu wa Kondoa waliofika kijijini mwaka uliotangulia. Wenzangu walinipa jina la Meno ya Mjini. Mimi nikawajibu kwamba yao ni mahindi ya kuchoma. Hilo nalo niliandike, maana nililisema, na zaidi ya mara moja.

Kila mtu mzima alikuwa na sababu mkononi, na sababu ilikuwa moja: ruksa. Tangu biashara iruhusiwe, walisema, duka limejaa pipi na biskuti, na watoto wa siku hizi midomo yao haipumziki. Zamani hapakuwa na pipi, ndiyo maana meno ya wazee ni meupe. Ilikuwa kweli kwamba meno ya wazee yalikuwa meupe. Ya bibi yalikuwa meupe kuliko yangu, isipokuwa mawili ya chini katikati, ambayo alitolewa akiwa msichana kama ilivyokuwa desturi ya Wagogo.

"Sisi tuliyang'oa wenyewe," alikuwa akisema, huku akitafuna karanga. "Hatukumsubiri daktari aje na gari."

Hata vijana waliokwisha kuoa walikuwa na meno meupe. Yaliyoharibika yalikuwa ya watoto wa rika langu, waliozaliwa hapo mwaka kisima kilipochimbwa au baada yake. Nililiona hilo kila siku kwa mwaka mzima, kwa macho yangu yanayojisifu kwamba hayapitwi na kitu, na sikuliona.

Kisima chenyewe kilikuwa kirefu, cha pampu ya mkono, kimechimbwa na wafadhili. Kabla yake watu walikunywa bwawani, upande mmoja wao, upande wa pili ng'ombe. Bibi alizika watoto watatu kwa kuhara kabla ya kisima, na hakuwahi kuzika tena. Alipofika pampuni aliufuta mkono wa chuma kwa upindo wa khanga kwanza, ndipo akaushika.

Tabibu wa meno alikuja mara moja kila muhula, na gari la hospitali. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mikono yake ikinukia sabuni ya dawa. Alituweka mstari, akatupa somo kabla ya kumgusa yeyote. "Sikuja kung'oa," alisema. "Nimekuja ili nisije kung'oa." Alitufundisha kuchonga mswaki wa mti, kuutafuna ncha mpaka uwe nyuzi, kusugua kwa kuzungusha na si kwa kukwangua. Alitufundisha kusukutua baada ya chakula. Sijawahi kuona mtu mzima aliyejali namna hiyo kitu kidogo namna hiyo. Nilimpenda papo hapo, kwa sababu alikuwa kama mimi.

Siku hiyo ya kwanza alipita mstarini, akainua midomo yetu kwa kidole. Alipofika kwangu akasimama, akanigeuza niwaelekee wenzangu.

"Tazameni. Huyu anapiga mswaki. Nanyi mkipiga kama yeye, mtakuwa kama yeye."

Niliona shule nzima ikiutazama mdomo wangu. Nyumbani baba alikuwa hana kazi, mama alikuwa akiuza maandazi ambayo hayakuwa yakiisha, mimi nilikuwa mzigo uliohamishwa, lakini hapo nilikuwa kitu kilichokamilika. Kabla hajaondoka alikuwa ameshamwomba mwalimu mkuu anifanye kiranja wa afya. Alinipa kijitabu, kioo kidogo chenye mpini, na daftari. Kazi yangu: kila Ijumaa kwenye paredi nikague midomo na kuandika. Ndani ya daftari alikuwa amechora kwa rula safu tatu: Safi, Ukoga, Kuoza.

Nilikisoma kijitabu usiku mmoja, kesho yake nikakirudia. Nikaona palipo na pengo. Ukoga kilieleza kuwa ni uchafu laini unaojenga ukuta kwenye meno, na rangi yake ni ya manjano. Yale ya kahawia yenye vishimo hayakutajwa. Gari lilipokuja tena, kuleta dawa za zahanati, tabibu alikuwemo, nikamkimbilia.

"Shikamoo. Haya ya kahawia niyaweke safu ipi?"

Alikuwa anafunga boksi. Mikono yake ilisimama kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa kwa mbali. Kisha akaendelea kufunga.

"Marahaba. Weka kwenye ukoga."

Niliweka kwenye ukoga. Kila Ijumaa nilipita mstarini na kioo changu, nikiandika kwa wino, kwa mwandiko ambao mwalimu mkuu aliwaonyesha walimu wenzake. Nikikosea jina nilinakili ukurasa wote upya. Safu ya Safi ilikuwa fupi. Safu ya Ukoga ilishuka mpaka chini ya ukurasa na kuendelea nyuma. Baada ya muhula mmoja mwalimu mkuu aliona aibu juu ya safu hiyo, akatangaza sheria: atakayeandikwa ukoga Ijumaa tatu mfululizo atapata fimbo mbili za mkononi. Sikuwa nimeomba fimbo. Lakini nakiri kwamba zilipoanza, niliuona mwandiko wangu kuwa na uzito.

Ndipo zikaja habari za wageni. Wafadhili wa mpango wa meno wangefika kutazama, pamoja na wakubwa wa wilaya, na kwaya ya shule ingewapokea. Dada yangu ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya. Hakuna aliyekuwa wa pili. Mwalimu mkuu akasema paredini, bila ukali, kama mtu anayepanga viti: mstari wa mbele na mwimbishaji watatoka safu ya Safi. "Tutawaimbiaje watu wa meno," alisema, "kwa meno ya namna hii?"

Jioni ile dada alikuwa anatwanga uwele.

"Mpaka wageni wafike ni wiki tano," alisema. "Yangu yanaweza kutakata?"

"Ukinifuata mimi, yanaweza."

"Una hakika?"

"Tabibu mwenyewe amesema. Ukipiga kama mimi, utakuwa kama mimi."

"Usinidanganye, Meno ya Mjini. Mimi nataka kuimba tu, sitaki kuolewa."

"Nakuahidi," nilisema.

Nilimgawia hata mswaki wangu wa kijani, mimi niliyekatazwa kuazima. Wiki ya kwanza tulitumia dawa yangu ya meno mpaka tukalikata bomba kwa kisu na kukwangua ndani. Wiki ya pili tulitumia mkaa. Ya tatu, majivu na chumvi. Nilisimama mbele yake na kuhesabu kwa sauti, na alipotaka kupumzika sikumruhusu, maana kama hesabu haikutimia ilikuwa haina maana. Ufizi wake ulivimba. Aliacha kunywa maji ya asubuhi kwa sababu yalimchoma, akawa anayashika mdomoni mpaka yapate moto. Meno yalibaki yalivyokuwa. Ijumaa nilimkagua kama wengine, na kama wengine nilimwandika. Tulikubaliana hivyo, yeye mwenyewe alisema, "Usinipendelee, nataka iwe kweli." Ijumaa ya kwanza ilimalizia hesabu yake ya zamani, akapigwa kama wengine; kisha mbili za hesabu mpya zikapita.

Jumatano ya wiki ya nne tabibu alikuja kupanga mambo ya wageni. Alitumia darasa letu, akanituma garini nikamletee pamba kwenye mkoba wake. Chini ya pamba palikuwa na jalada, na ndani ya jalada barua. Mimi husoma kila kilichoandikwa. Nasoma mifuko ya saruji. Sikuona kwamba naiba.

Ilikuwa barua ya ofisi, ya Kiswahili cha ofisi, lakini nilielewa. Maji ya kisima chetu yalikuwa yamepimwa. Yalikuwa na madini mengi kupita kiasi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, meno hayo humwotea yakiwa na madoa ya kahawia. Madoa hayo hayatokani na uchafu, na hayatoki kwa mswaki. Nakala ilikuwa imepelekwa kwa tabibu, kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na kwa mwalimu mkuu. Tarehe ilikuwa ya kabla sijafika kijijini.

Nataka kusema kwamba kwanza nilimfikiria dada. Sivyo. Kwanza nilifikiri: kumbe mimi sikufanya kitu. Kumbe meno yangu ni maji ya bomba ya Majengo tu. Nilisimama kando ya lile gari nikapitisha ulimi juu ya meno yangu, na kwa mara ya kwanza yakawa kama ya mtu mwingine.

Nilimpelekea pamba na barua pamoja. Aliitazama barua, akaenda kufunga mlango.

"Umeisoma."

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote. Kwa nini uliniambia niandike ukoga?"

Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu. Alionekana amechoka, na hata hivyo alinijibu kama mtu mzima mwenzake, jambo ambalo lilinipumbaza.

"Kabla ya kisima watu wa hapa walikunywa wapi?"

"Bwawani."

"Bibi yako alizika wangapi?"

"Watatu."

"Basi. Waambie leo ni maji, kesho wamerudi bwawani. Meno ya kahawia hayaui mtu, mwanangu. Kuhara kunaua."

"Lakini wanasugua bure."

"Siyo bure. Wanaooza wamepungua, nenda katazame daftari lako. Mtoto akijua doa halitoki, ataacha mswaki kabisa. Hapo ndipo nitakapokuja na koleo."

"Wanachapwa."

"Fimbo sikuzileta mimi. Nitaongea na mwalimu."

"Kabla ya Ijumaa?"

Alinishika bega kwa mkono wake wenye harufu ya sabuni. "Wewe una akili kuliko wote hapa," alisema. "Ndiyo maana nilikuchagua. Mtu mwenye akili anajua kutunza jambo."

Nimekuwa nikizigeuza hoja zake miaka yote hii. Nyingine ni za kweli. Kisima kiliokoa watu, na mswaki ulipunguza kuoza. Niliyaandika hayo kwa mkono wangu. Angeweza kuchora safu ya nne. Mstari mmoja wa rula ungetosha, na kichwa cha neno moja, na hakuna ambaye angerudi bwawani kwa ajili ya mstari. Hakuuchora, kwa sababu safu ya Ukoga iliyo ndefu ilionyesha kwamba mpango unahitajika, na mtoto mmoja mwenye meno meupe alionyesha kwamba unafaa. Mimi nilikuwa kielelezo chake. Alijua nilikotoka siku aliponisimamisha mbele ya shule, mwalimu mkuu alikuwa amemwambia, "Huyu ni wa mjini, amekuja juzi." Nilikuwa nimesimama pale pale nikisikia.

Nililitunza jambo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo nimeichana mara kumi.

Usiku wa Jumatano sikusema. Alhamisi dada alikuja na wazo jipya: unga wa tofali la kuchoma, uliosagwa kwa jiwe. Alitumbukiza kidole chenye maji ndani ya unga, akasugua, akatema nyekundu, na hatukujua ipi ni tofali na ipi ni damu. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilihesabu mpaka ishirini, kila upande, nikijua.

Ijumaa paredini nilipita na kioo. Alipofungua mdomo nilisikia harufu ya kidonda. Macho yake yalikuwa yananiangalia kwa namna ya mtu anayesubiri matokeo, si ya mtu anayeomba. Ningeweza kuandika Safi. Mwalimu mkuu hakuwa akihakiki; aliamini mwandiko wangu. Lakini nilishindwa kuandika kitu ambacho si kweli ndani ya daftari safi kama lile. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikaandika jina lake kwenye safu ya Ukoga, kwa wino, herufi zimenyooka. Ilikuwa Ijumaa ya tatu. Alitoa mkono, akapigwa mbili. Kisha mwalimu mkuu akamtaja mwimbishaji mpya, binti wa mwalimu wa kutoka Iringa, ambaye sauti yake ilikuwa ya kuitia kuku.

Nilimwambia Jumanne, siku ya sita. Tulikuwa kisimani alfajiri, wawili tu, yeye akipampu. Hakuna kilichonisukuma siku hiyo kuliko siku nyingine. Labda ni kwamba aliinama, akakinga maji kwa kiganja, akayashika mdomoni yapate moto kama kawaida yake, shavu limevimba, na sikuweza kuendelea kumtazama.

"Dada, si wewe. Ni haya maji."

Aliyatema. "Maji yamefanya nini?"

Nikamweleza yote, barua, madini, meno yanayojijenga ndani ya ufizi. Alisikiliza akiwa ameshika mkono wa pampu.

"Bibi anajua?"

"Hajui. Mwalimu mkuu anajua. Tabibu anajua."

"Na wewe umejua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano ipi?"

"Iliyopita."

Alihesabu kwa vidole, polepole. Jumatano. Alhamisi. Kwenye kidole cha tatu akaacha kuhesabu. Alikigeuza kiganja chake akakitazama, palepale fimbo ilipotua.

"Ijumaa uliniandika."

"Niliandika kilichokuwepo."

"Uliandika ukoga."

Nikamjibu jambo ambalo, kama ningeruhusiwa kufuta sentensi moja tu katika maisha yangu, ningefuta hiyo. Nilisema, "Hapakuwa na safu nyingine."

Aliinama kuchukua ndoo. Kwetu ndoo iliyojaa hutwishwi na mkono wako. Mwenzako hushika upande mmoja, mnainua pamoja, naye huituliza kichwani mpaka shingo ikae sawa. Tulikuwa tumetwishana kila alfajiri kwa mwaka na zaidi. Nilisogea nikashika ukingo. Aliutoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja, akainua peke yake. Nusu ya maji ilimwagika mabegani mwake. Akaondoka hivyo, amelowa, na sikumfuata mpaka alipopotea nyuma ya tembe.

Alhamisi wageni walifika. Kwaya ilisimama, dada akiwa mstari wa tatu. Wimbo ulianza vibaya, na katikati, pale sauti yake ilipozoea kupanda, pakawa na shimo. Alikuwa amefumba midomo. Alisimama hivyo wimbo mzima, mtulivu, kama mtu aliyekuja kusindikiza. Kisha tabibu akanishika bega na kunileta mbele, akawaambia wageni kwamba huyu ni kiranja wa afya. Mgeni mmoja akauliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, napiga mswaki mara ngapi kwa siku.

Ningependa kuandika kwamba nilisema ukweli, au kwamba nami nilifumba. Nilikuwa na miaka kumi, na mkono wa mtu niliyempenda ulikuwa begani mwangu.

"Mara tatu," nilisema, nikafungua mdomo wakatazama.

Baba alipata kibarua muhula uliofuata, nikarudi mjini. Tabibu nimekutana naye mara moja tu tangu hapo, Majengo sokoni, akichagua nyanya. Nilimwamkia. Alichukua muda kunikumbuka, kisha uso ukafunguka. "Kiranja wangu," alisema, na kabla ya kuniuliza hali ya wazazi, aliinamisha kichwa kidogo akatazama mdomo wangu. "Bado yanang'aa." Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka na hotuba yangu, nimeisahihisha mpaka haina doa. Nilimshukuru, nikamchagulia nyanya mbili nzuri.

Kwa dada nilikwenda mwaka jana. Ameolewa palepale kijijini, nyumba ya bati. Anacheka bado, lakini kwa kiganja mdomoni, na haimbi hata kanisani. Wanawake walioolewa hapo kutoka vijiji vingine hawajui kwamba aliwahi kuimba. Pembeni ya nyumba nilikuta mfereji wa bati umeelekezwa kwenye pipa kubwa lenye kifuniko. Maji ya mvua yakiisha, huenda na ndoo mpaka kwenye mto wa mchanga, mwendo wa saa nzima, akafukua, akachota, akachemsha. Ni kwa ajili ya binti yake tu. Majirani wanamcheka kwamba amezaa malkia asiyekunywa maji ya watu. Sijui kama amewahi kuwaeleza. Nadhani aliwaeleza, na walimwambia kama tabibu alivyoniambia mimi, kwamba kisima ni uhai.

Alimwita mtoto. Ana miaka saba, na meno mawili ya mbele yalikuwa yametoka karibuni, mapana, ya ukubwani.

"Mfungulie mama mdogo mdomo," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Mkague. Si ndiyo kazi yako?"

Nilipiga magoti nikatazama. Yalikuwa meupe kabisa. Nilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sikujua uso wangu niugeuze vipi. Nilisema, "Safi," na neno lilipotoka nikatamani kulirudisha.

"Najua," alisema.

Jioni ilikuwa zamu ya kwenda mtoni, nikaomba nimsindikize. Tulikwenda watatu. Alifukua mchanga, akachota kwa kibuyu mpaka ndoo ikajaa. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa ndoo, mikono mitupu, nikingoja. Alinitazama. Kisha akamwita binti yake, na kwa kuwa mtoto alikuwa mfupi na asingefikia, dada alipiga magoti mchangani, akainamisha shingo chini kabisa, akangoja mtoto amtwishe.